Niliwaozesha Kabla ya Wakati

Kwanza niungame. Mimi ndiye niliyewaozesha Rose na Charlie, bila pete wala mashahidi, jioni ya Jumamosi moja ya gulio, ndani ya banda la video hapa kwetu Matema, mvua ikipiga mabati hata ikanibidi nipaze sauti kama mnadi samaki.

Picha yenyewe ni The African Queen, ya mwaka 1951, ya mwongozaji John Huston. Humphrey Bogart ndiye Charlie, fundi mlevi mwenye kiboti cha moshi. Katharine Hepburn ndiye Rose, dada wa mmisionari wa Kiingereza. Kaka yangu aliileta kwenye flashi kutoka Mbeya mjini. Mwenye banda, ambaye kwa kawaida huonyesha picha za ngumi zilizokwisha kutafsiriwa, aliitazama dakika mbili akaniambia, "Hii haina mtafsiri. Wewe si ndiye mwandishi? Kaa hapo mbele useme."

Sikukataa. Sisi tumekua tukisikia sauti za watafsiri wa picha, akina Lufufu, na kila kijana aliyefika kidato cha nne anaamini angeweza. Isitoshe kitabu nilikuwa nimekisoma. C. S. Forester alikitoa mwaka 1935, na nakala moja ilisahauliwa na mgeni katika nyumba ya wageni ambako huwa nafanya vibarua. Nilikisoma miezi mitatu, kamusi pajani.

Siku nyingine mle bandani huwa ni vijana watupu. Siku hiyo mvua iliwaleta watu wote. Walikuwemo wavuvi ambao ziwa limewakatalia, akina mama wa Ikombe walioleta vyungu gulioni wakashindwa kurudi kwa mitumbwi kwa sababu ya mawimbi, mzee mmoja wa kanisa, na shangazi yangu, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango. Kama ningejua watakuja hao, ningesingizia kuumwa koo.

Picha inaanza kanisani. Rose anapiga kinanda, kaka yake anaongoza wimbo, na Waafrika waliojaa humo wananguruma tu, hata neno moja halitoki. Mzee wa kanisa akauliza, "Hao wanaimba nini?"

"Hawaujui wimbo, baba."

"Hawaujui? Kanisani kwao?"

Watu wakaguna. Ndugu msomaji, wamisionari wa Berlin walifika pande hizi mwaka 1891, na kwaya ni kitu ambacho watu wa hapa hugombana nacho mpaka wakanuniana. Mama mmoja wa Ikombe akasema kwa utulivu, "Hawa wamelipwa waimbe vibaya." Tangu hapo nimesoma maoni mawili matatu ya wataalamu juu ya picha hii, na sijaona lililolishinda hilo.

Kisha Wajerumani wanafika, wanachoma nyumba, wanawaswaga wanakijiji wote. Kaka yake Rose anaugua, anakufa. Charlie anakuja na kiboti chake kumchukua Rose, na safari ya mtoni inaanza. Rose ndiye anayetoa wazo la kutengeneza mabomu kwa mitungi ya gesi iliyomo botini, wakailipue meli ya Wajerumani ziwani.

Wavuvi walikuwa wagumu mwanzoni. Walicheka kila Bogart alipolipiga teke boila. Lakini lilipofika lile tukio la shafti kupinda na panga la boti kuvunjika, naye anapiga mbizi huku Rose anamsaidia, kisha wanalitengeneza kwa moto pale ukingoni, banda likanyamaza. Kila mmoja mle amewahi kuharibikiwa na mashine mbali na nchi kavu. Na alipotoka majini amejaa ruba, wakulima wa mpunga wakajikuna miguu. Mmoja akapiga kelele, "Chumvi! Mpake chumvi!" Kweli akapakwa chumvi, na watu wakapiga makofi kama vile Hollywood imewasikia.

Mzee mmoja alikuwa ametulia muda wote. Katikati ya shangwe akaniuliza, "Kijana, wale watu wa kijiji waliochukuliwa mwanzoni, wamefikia wapi?"

Nikasema, "Hawarudi tena, babu. Picha haiwataji."

"Babu yangu alichukuliwa hivyohivyo, kubeba mizigo ya vita." Akavuta koti lake, akatoka mvuani. Sikuwa na la kutafsiri hapo, na mpaka leo sijui nimweke wapi mzee yule.

Maana vita hiyo si hadithi ya mbali kwetu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, kusini kwenye ufuko huuhuu wetu wa Ziwa Nyasa. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa huyo Rhoades na hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia milimani kwetu kutoka kusini. Forester yeye aliazima mkasa wa Ziwa Tanganyika, ambako Waingereza walipitisha boti mbili, Mimi na Toutou, nchi kavu kupitia Kongo. Meli kubwa ya Wajerumani kule, Graf von Götzen, haikulipuliwa na mlevi na dada wa mchungaji. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nilipolieleza hilo baadaye, kijana mmoja alidai arudishiwe mia tano yake.

Sasa nirudi kwenye dhambi yangu.

Wakishavuka ngome ya Wajerumani na maporomoko, kwa furaha wanakumbatiana, wanabusiana. Usiku unaingia. Kamera kwa adabu inatazama pengine. Bandani, kimya cha aina nyingine kabisa. Mzee wa kanisa akakohoa. Nilihisi macho ya shangazi yangu kisogoni. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapa sasa ni mume na mke. Marehemu kaka yake alikwisha wabariki kabla hajakata roho."

"Eeeh," wakasema akina mama. Hewa ikarudi.

Kumbe nimejichimbia kisima. Asubuhi inafika, chai ipo, Rose ana uso wa mtu aliyelala vizuri, na kitu cha kwanza anachomwuliza Charlie ni jina lake la kwanza!

"Anamwuliza nini?" watu wakataka kujua. Nikababaika. Kijana mmoja anayekijua Kiingereza akanisaliti: "Anamwuliza jina!"

Banda likalipuka kabla ya meli. Mume gani huyo asiye na jina? Yule marehemu alimbariki nani? Mambo yakawa mabaya zaidi mwishoni, pale wanapokamatwa, wanahukumiwa kunyongwa, na Charlie anamwomba nahodha wa Kijerumani awafungishe ndoa kwanza. Watu wakapiga kelele: "Wanaoana tena!" Mzee wa kanisa akanitazama, nadhani alikuwa anacheka, ila mdomo wake haukukubali.

Najitetea hivi: si mimi peke yangu. Hollywood ya miaka ile ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934, na mapenzi ya nje ya ndoa hayakutakiwa yaonekane kuwa jambo jema. Na sisi wenyewe Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kabla ya kukubaliwa baadaye. Lakini utetezi huo haukunisaidia njiani tulipokuwa tunarudi nyumbani, mimi na shangazi, tukimulika madimbwi kwa tochi ya simu.

"Mwanangu," akasema, "kule kitabuni walioana lini?"

Lazima mjue kwamba shangazi yangu aliishi miaka tisa na mnunuzi wa kakao bila mahari wala baraka za mtu. Alitengwa, akazungumzwa kisimani, na mwisho ikajulikana kuwa yule bwana ana mke mwingine Tukuyu.

Nikamwambia kweli. Kwamba kitabuni hakuna ndoa ya kamba shingoni. Bomu lao halilipuki kwa ushujaa wowote, kiboti kinazama kwenye dhoruba, na meli ya Wajerumani inazamishwa na boti za Waingereza. Wale wawili wanatumwa kwenda zao, wakubaliane kuoana, na Charlie siku ya pili ndipo anakumbuka kwamba alikwisha oa msichana mmoja miaka kumi na miwili nyuma.

Shangazi akasimama. "Rose anajua?"

"Kitabu hakisemi kama anajua."

"Na mwandishi anawafanya nini?"

"Anawaacha waende. Anasema si rahisi kuamua kama waliishi kwa raha."

Tukatembea kidogo. Mto ulikuwa unasikika. "Huyo alimjua mtu," akasema. Halafu, bila kunitazama: "Na wewe wako umemfanyaje?"

Sikujua kama anajua. Nina riwaya kwenye madaftari matatu, juu ya mwanamke wa ziwani na bwana wa kakao. Katika sura ya saba nilimtafutia mchungaji mpole na gauni jeupe la kuazima, maana niliogopa watu watasema nimemwanika shangazi yangu. Ni sura mbaya kuliko zote. Hata mkono niliouandikia ni mwingine.

"Nimemwozesha," nikasema.

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Na wewe!"

Usiku huo niliichana sura ya saba, nikaiandika upya kwa siku nne, bila mchungaji. Jumamosi iliyofuata nikampelekea daftari, nikalificha chini ya usipa ili majirani wasiulize. Limo kwake mpaka sasa. Tumeonana mara tatu tangu hapo, tumezungumza mpunga, mvua, na bei ya mafuta ya taa.

Daftari hajalitaja.