Ua la Milimita Nne

Wateja wakija kwenye meza yetu hapa Kimisagara, Kigali, huuliza kwanza rangi, kisha bei. Ni wachache sana wanaouliza saizi ya ua. Sisi tunaotengeneza tunaanza na saizi. Rangi usiyoipenda unaweza kuizoea ukiivaa siku tatu nne, lakini ua lisilolingana na ushanga wake litakusumbua macho mpaka mkufu ukatike.

Kikundi chetu kina wanawake saba. Wote tulitoka Kivu, Kaskazini na Kusini, kila mtu na mwaka wake. Mimi nilitoka Masisi mwaka 2012, nikakaa Kigeme kabla ya kushuka mjini kutafuta maisha. Kazi tuliyoanza nayo ni shanga za karatasi, na hizo hata ninyi mlioko Kiziba, Nyabiheke, Mugombwa au Mahama mnazijua. Unakata pembetatu ndefu kwenye kalenda ya zamani, unaviringisha kuanzia upande mpana, unamalizia na ncha, gundi, halafu vanishi. Upana wa kitako cha pembetatu ndio urefu wa ushanga. Urefu wa karatasi ndio unene wake. Ukishashika hayo mawili, kinachobaki ni uvumilivu.

Shanga za kioo tulifundishwa baadaye. Mwalimu wetu alituachia kichomeo cha gesi na tanuri dogo la umeme ambalo linakula kashipawa kama mtoto anavyokula mandazi. Mkufu wetu una ushanga mmoja wa kioo katikati, na za karatasi huku na huku. Kwa hiyo ule mmoja wa kioo ndio uso wa mkufu, na kwenye uso huo ndipo tunapobandika maua.

Haya maua hatuyachori. Ni vipande vya kioo vilivyokatwa tayari, vinavyotoka kisiwa cha Murano, karibu na Venice, Italia. Mafundi wa kioo wa Venice waliamriwa kuhamia Murano mwaka 1291, kwa sababu matanuri yao yaliogopewa kuunguza mji. Mwalimu aliposimulia hayo, mama mkubwa wa kikundi chetu alisema, "Kumbe na bao balihamishwa." Tukacheka sana.

Kipande cha ua kinatengenezwa hivi. Fundi anapanga vioo vya rangi mbalimbali, kimoja katikati, vingine vikikizunguka, mpaka ukikitazama kwa mbele unaona ua. Wakati huo ni kipande kinene na kifupi. Kikiwa kimoto na laini, watu wawili wanakishika kila mmoja upande wake na kutembea wakiachana. Kioo kinavutika, kinakuwa fimbo ndefu nyembamba. Kikipoa kinakatwa vipande vidogovidogo, kama unavyokata karoti. Na hapa ndipo pananishangaza hadi leo: ua haliharibiki likivutwa. Linapungua tu. Kama lilikuwa na petali sita likiwa pana kama mkono, litakuwa na petali sita likiwa na milimita nne. Waitaliano wanaviita vipande hivyo murrine, na shanga zilizojaa maua hayo wanaziita millefiori, maana yake maua elfu.

Sasa kuchagua saizi. Unashika waya wa chuma uliopakwa udongo, unayeyusha ncha ya kijiti cha kioo, unazungusha kioo laini juu ya waya mpaka kiwe duara. Ule udongo unaruhusu ushanga kuchomoka ukipoa, na tundu linabaki. (Wakrobo wa Ghana, wanaosaga chupa na kuoka unga wake kwenye vikombe vya udongo, wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati ya unga. Moto unakila kikonyo, tundu linabaki. Sisi tunatwanga sombe miaka yote na vikonyo tunatupa!) Ushanga ukiwa bado wa moto, unakamata kipande cha ua kwa koleo ndogo, unakipasha polepole pembeni mwa moto, maana kikiingia kikiwa baridi kitapasuka. Unakibandika, unapasha tena, unakibonyeza kwa chuma bapa. Hapo kinazama, na kikizama kinatanuka. Ile saizi uliyonunua siyo saizi utakayoiona.

Vipande vinauzwa kwa uzito, na pakiti zinatofautiana kwa upana: milimita 3 hadi 4, 5 hadi 6, 7 hadi 8, na zaidi. Ushanga wetu una upana wa milimita 14. Zungusha uzi tumboni mwake, utapata kama milimita 44. Weka maua manne ya milimita 8: yanachukua 32, zinabaki 12, yaani 3 tu kati ya ua na ua. Yakitanuka, nafasi zinakwisha, maua yanasukumana, duara linageuka pembe nne. Tena ushanga ni mviringo. Petali za pembeni za ua kubwa zinapinda kuelekea tundu, kwa hiyo anayekutazama anaona katikati ya ua tu, hajui kwamba lilikuwa na petali.

Weka matano ya milimita 4: yanachukua 20, zinabaki 24, karibu 5 kila nafasi. Hata yakitanuka, kila ua linakaa kwake, na rangi ya ushanga inaonekana katikati yao. Ukishuka chini ya hapo, milimita 2, mtu akiwa hatua moja kutoka kwako anaona nukta, haoni ua. Kanuni tunayotumia sisi ni theluthi: upana wa ua usizidi sana theluthi ya upana wa ushanga. Pima ushanga kwanza, ndipo ununue ua.

Kuna na hesabu ya mfuko. Ua la milimita 8 lina eneo mara nne ya ua la milimita 4. Kama unene ni ule ule, gramu zinazokupa maua makubwa 25 zitakupa madogo 100. Angalia pia unene. Ukichanganya vinene na vyembamba kwenye ushanga mmoja, kile chembamba kitakuwa kimeshavurugika kabla kile kinene hakijazama. Na usijaribu kubandika ua la Murano kwenye kioo cha chupa ya bia ili kubana matumizi. Vioo hivyo viwili havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, na ushanga utapasuka ukipoa, au siku kadhaa baadaye, shingoni mwa mteja. Shanga nzuri za chupa zipo, kama zile wanazofanya Kitengela, nje ya Nairobi, lakini hapo kazi ya chupa inabaki ya chupa.

Hayo yote tulikuwa tumekwisha kukubaliana wakati oda ilipoingia. Mnunuzi kutoka nje, mtu mwenye adabu, alitaka mikufu 150. Kwetu hiyo ni pesa ya kulipa chumba miezi kadhaa na sare za shule kwa watoto kumi na mbili. Katika barua yake alikuwa na maombi mawili. La kwanza, maua yawe makubwa kabisa, yanayoonekana kwenye picha. Akatutumia na sampuli za milimita 8 na 9. La pili, kila mkufu uwe na kadi, na kwenye kadi aandikwe aliyetengeneza: alikimbia nini, alimpoteza nani, aliteseka vipi. Kurasa mbili kila mtu, kama inawezekana.

Kwamba mnunuzi anaamua ushanga ni jambo la zamani kwetu. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ziwa Tanganyika ilibeba shanga za kioo kutoka Ulaya, nyingi za Venice, na kila nchi ilikuwa na aina yake inayoipokea. Ujiji walitumia zile zilizoitwa sofi, fupi kama vipande vya kiko kilichovunjika, ndizo zilizokuwa pesa za sokoni. Ukifika na mzigo wa aina nyingine, utajiri wako wote ni mzigo tu. Mfanyabiashara mwenye akili aliuliza kabla ya kufunga safari. Kwa hiyo hatukumkasirikia mnunuzi. Ana soko lake na anajua kinachopokewa huko.

Lakini tulikaa siku mbili tukibishana. Kuhusu maua hatukubishana. Tulimtengenezea mbili za kujaribu, moja ya milimita 8, moja ya 4, tukapiga picha, mwenyewe akaona. Ubishi ulikuwa kwenye kadi.

Mama mkubwa alikataa kabisa. "Miye habari yangu nilishaisema," alisema. Alihesabu kwa vidole: mpakani, kwenye kuandikishwa, kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu, kwa mradi wa kwanza, kwa mradi wa pili, kwa mtu wa kamera. "Kila mtu anaichukua yote, anaenda nayo. Miye ninabaki na nini?"

Mdogo wetu, ambaye hajafika miaka 25, alimjibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. "Mama, miye nataka bajue. Kaka yangu aliuawa na hakuna mahali jina yake imeandikwa. Tukinyamaza, batasema tulikuja huku kutembea."

Mimi nilikuwa katikati, na si kwa woga. Wote wawili walikuwa na haki. Tena chumba kilikuwa kinadaiwa, na anayedaiwa chumba hana nafasi ya kujifanya haijui pesa. Nilisema tu kile ambacho mkono wangu unakijua kwa kazi. Ua likivutwa mpaka milimita nne halijapoteza petali. Kadi ya mkufu ni ndogo kama kiganja. Kurasa mbili za mateso juu ya ushanga wa milimita 14 zitafanya lile lile linalofanywa na ua la milimita 8: mtu ataona katikati tu, ataona damu, na petali zote, mahali ulipozaliwa, kazi unayoijua, jina ulilopewa na bibi yako, zitapinda kuingia kwenye tundu. Na ushanga wenyewe hautaonekana kabisa. Atakuwa amenunua huruma na kupewa mkufu kama risiti.

Tukakubaliana mistari minne, na kila mtu aandike yake mwenyewe, au asiandike. Mama mkubwa aliandika mahali alipozaliwa, idadi ya wajukuu, na kwamba ushanga huu ameufanya kwa mikono yake hapa Kigali. Mdogo wetu aliandika jina la kaka yake na kazi yake: alikuwa fundi wa baiskeli, na alipenda kuimba. Hakuandika alivyokufa. "Hiyo nitaisema kwa mdomo," alisema, "kwa mtu atakayekaa chini."

Tulimwandikia mnunuzi. Alikubali maua ya milimita 4 bila shida, picha ilimshawishi. Kwenye kadi alisita, na mwishoni akachukua mikufu 90 badala ya 150. Pengo hilo tulilihisi. Mwezi ule mmoja wetu alihama chumba, na mimi nilirudi kuuza karanga jioni Nyabugogo. Sisemi kwamba heshima inalipa kodi. Nasema tuliiweka kwenye hesabu pamoja na kodi, tukaona bei yake, tukalipa.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua ripoti inahitaji hadithi, na najua wengi wenu hamfurahii kuiomba. Basi kabla ya kuomba, tuambieni inakwenda wapi: kwenye kadi, kwenye ukuta wa ofisi, au mbele ya hakimu. Mbele ya hakimu nitakupa yote, na ushahidi wake. Kwenye kadi nitakupa mistari minne. Na ninyi wenzangu wa kambini mnaouza vikapu, shanga au vitenge, mkiulizwa habari zenu mnaweza kujibu kwa saizi mnayoitaka, na hiyo si uongo wala kuficha.

Zile sampuli kubwa za mnunuzi zilibaki kwenye kopo. Mdogo wetu alizichukua. Alitengeneza shanga bapa za milimita 28, pana kama sarafu, na kwenye kila moja akabandika ua moja tu la milimita 9 katikati. Ukipima, ni theluthi ile ile. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, alivaa moja, akasimama mbele ya watu waliokuwa wamekaa chini kwenye viti, na akasema habari ya kaka yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilichukua karibu saa nzima. Mama mkubwa alikaa mstari wa mbele.