Gunzi la Lukenya: Juu ya Uhai wa Mwanasesere katika Hadithi za Watoto

Mhakiki anayekutana na mwanasesere anayesema na kutembea huwa na jibu tayari: hiyo ni tashihisi. Akiisha kulitaja jina hilo, hufungua ukurasa mwingine. Nami nimelifundisha jibu hilo kwa miaka mingi. Katika makala haya ningependa kueleza kwa nini sasa linanitia mashaka.

Nilikulia Lukenya, Machakos, chini ya kilima cha mawe kinachotazama nyanda za Athi na Kapiti. Dada yangu mdogo alikuwa na mwanasesere wa gunzi. Nywele zake zilikuwa ndevu za mahindi, na nguo yake kipande cha leso kuukuu ya mama. Mwanasesere huyo alikuwa msafiri. Kila jioni dada alinisimulia jinsi alivyopanda majabali, akawakwepa fisi, akavuka barabara ya Mombasa na kurudi salama. Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, nilitumwa kuwasha moto. Niliyatia magunzi mekoni, naye akiwamo. Nilimtambua, lakini alikuwa mkavu kuliko mengine. Dada alipojua hakulia. Aliniuliza tu: "Kaka, ulimwamsha kwanza?"

Miaka mingi baadaye nilisoma hadithi ya Hans Christian Andersen ya askari wa bati, iliyotoka mwaka 1838. Humo vitu vya kuchezea huamka usiku, watu wakiisha kulala. Askari yule hupelekwa na maji mtaroni, humezwa na samaki, hurudi nyumbani. Kisha mvulana mmoja humtupa motoni pasipo kutoa sababu. Mimi nilikuwa na sababu, nayo haikunipunguzia chochote.

Tuitazame pia hadithi ya Pinocchio, mtoto wa mti aliyebuniwa na Mwitalia Carlo Collodi. Ilianza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la watoto mwaka 1881, na mwaka huohuo mtunzi akaikomesha Pinocchio akiwa ametundikwa mtini. Wasomaji hawakukubali. Collodi akaiendeleza, na kitabu kizima kikatoka mwaka 1883. Aliyempa Pinocchio sauti ni mtunzi. Waliokataa afe ni wasomaji.

Hapa ndipo istilahi yetu inapopungukiwa. Tashihisi ni tendo la mtunzi katika lugha. Uhai wa mwanasesere ni wajibu wa anayemtunza. Katika mila za Wazaramo wa Tanzania, mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti. Alimwosha, alimpaka mafuta, alimlea kama mwanawe, na iliaminika kwamba akimpuuza huenda yeye mwenyewe asizae. Hakuna aliyengoja mwana hiti aseme ndipo ahesabiwe kuwa hai. Wala jambo hili haliko mbali na Machakos. Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetambuliwa kuwa mwasisi wa uchongaji wa kibiashara wa Wakamba, alijifunza kazi hiyo kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu vya Kwanza (1914–1918). Alirudi na ufundi, na vinyago vikawa bidhaa ya watalii. Malezi yalibaki Uzaramo.

Pengine msomaji atasema kwamba ninachanganya mila na fasihi. Hata hivyo, taharuki ya hadithi hizi haitokani na mwanasesere kutembea, kwani saa nayo hutembea, na hakuna anayeihofia. Taharuki hutokana na kuwapo kwa mtu ambaye, mwanasesere akipotea au akiungua, atakuwa na la kujibu. Mtunzi asiyemweka mtu huyo, ndani ya hadithi au katika nafsi ya msomaji wake, hubaki na kipande cha mti kinachorukaruka.

Kwa hiyo napendekeza kwamba wanafunzi wetu wa fasihi ya watoto, kabla ya kuuliza ni mbinu gani iliyotumika, waulize ni nani mwenye wajibu kwa mwanasesere. Swali hilo si langu. Niliulizwa mekoni kule Lukenya, na jibu lake ni kwamba sikumwamsha.