Moto Hii Haina Moto

Katika Kiswahili cha Kivu, neno "moto" lina kazi mbili. La kwanza ni lile la Waswahili wote: moto wa kuni, moto wa jikoni. La pili tumelitoa kwenye Kifaransa, nalo ni pikipiki. Darasani tunayatenganisha kwa upatanisho wa kisarufi: moto huu unawaka, moto hii inakwenda. Lakini mtu wa Goma, Sake au Masisi husema "moto inawaka" kwa yote mawili, na muktadha humsaidia msikilizaji. Swali langu ni hili: muktadha usipokuwapo, lugha hujiokoa vipi? Jibu nililipata Kashebere, kwenye pikipiki kuukuu iliyokuwa ikizunguka bila kuwaka.

Kashebere iko pale Masisi na Walikale zinapopakana. Mvua ikikaza, magari hukwama matopeni na pikipiki ndiyo hupita. Hubeba maharage, mafuta ya mawese, mwalimu, na mama mjamzito anayepelekwa kujifungua. Mjomba wangu ni motari huko. Karo yangu ya chuo hutoka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yake, ambayo ni ya zamani, ya karburateri, na betri yake ilikufa siku nyingi. Huwashwa kwa kiki tu.

Likizo iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mjomba alipiga kiki mpaka jasho likamtoka: injini inazunguka, haiwaki. Fundi wa kijijini alikuwa ameshuka Goma kununua vipuri, na angeanza safari ya kurudi kesho yake. Kwa hiyo ilibidi ajue siku ile ile anunue nini. Bujie ni ya bei ndogo. Karburateri nzima ingekula karo yangu, na kama ingenunuliwa bure, kurudi tena Goma kuibadilisha kungekula siku nyingine za kazi.

Simu ilishika mtandao juu ya kilima tu, nyuma ya nyumba, na njia yake ya mguu ilikuwa utelezi mtupu, pikipiki isingepanda. Basi tukagawana kazi. Mimi nilikaa kileleni na simu, mjomba chini na ufunguo wa bujie, na mwanawe wa miaka kumi na miwili akawa mjumbe kati yetu. Fundi hakuona kitu wala hakugusa kitu. Alikuwa na maneno yetu tu.

Swali lake la kwanza: "Inazunguka ao haizunguke kabisa? Na kiki iko nguvu ao iko laini?" Hapo tayari alikuwa ameligawa tatizo. Injini isiyozunguka ni ugonjwa wa vyuma. Inayozunguka kwa kiki laini mno huenda haibani tena hewa ndani ya silinda. Yetu ilizunguka, na kiki iliusukuma mguu kama kawaida. Vyuma vilikuwa vizima, basi ilibaki kujua kama esansi inafika na kama cheche inatoka.

Swali la pili: "Ufungue bujie. Imelowa ao imekauka?" Bujie kavu baada ya kiki nyingi ingetupeleka kwenye tangi, kwenye robine, kisha kwenye karburateri, kwa kuwa esansi ingekuwa haifiki. Binamu alipanda akihema: imelowa, na inanuka esansi. Kitenzi hicho kimoja kiliiondoa karburateri kwenye nafasi ya mshukiwa wa kwanza, na karo yangu ikapumua.

Swali la tatu ndilo lililotuchekesha. "Moto inakuja?" aliuliza fundi. Mjumbe akashuka na swali kama lilivyo, akarudi na jibu: "Hapana, iko pale pale, baba anaifuta matope." Fundi alicheka, kisha akabadilisha neno: "Etenseli. Ukiweka bujie kwenye kofia yake, ukaigusisha kwenye chuma cha injini, ukapiga kiki, unaona etenseli?" Hatukuona. Tukaazima bujie nzima ya jirani: bado hakuna. Kumbe hata bujie haikuwa na kosa.

Zilibaki bobini, waya wake, na kofia inayouunganisha waya na bujie. Fundi akaagiza kofia itolewe, waya ushikwe kwa kijiti kikavu, ncha yake iwekwe karibu sana na chuma bila kukigusa, mbali na tundu la bujie kwa sababu mvuke wa esansi hushika moto. Safari hii binamu alianza kupiga kelele kabla hajafika: "Etenseli iko! Ya bluu!" Basi bobini ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo. Mjomba akatazama ncha ya waya, akaona imeota kutu ya kijani na ina maji. Akakata kipande cha ukubwa wa ukucha, akaikausha kofia, akaikaza upya kwenye waya msafi, akafuta bujie. Nilisikia injini ikinguruma nikiwa bado kilimani. Fundi alinunua kofia mpya tu, ya akiba.

Nimeyapima maneno ya siku ile kama tunavyofundishwa kuyapima maneno. Nomino karibu zote zilikuwa za Kifaransa: bujie, bobini, robine, etenseli. Fundi wa Dar es Salaam angesema plagi na kabureta, akikopa kwa Kiingereza. Wapo wanaosikia mikopo hiyo na kusema kwamba Kiswahili cha Kongo kimeharibika. Lakini tazama vitenzi: kuzunguka, kuwaka, kubana, kulowa, kukauka, kufika, kutoka. Hakuna hata kimoja kilichokopwa, na ndivyo vilivyotambua ugonjwa. Nomino zilitaja kipuri, vitenzi vilisema kama ni kizima au kigonjwa. Na pale upatanisho uliposhindwa kutenganisha moto na moto, fundi hakusubiri mwalimu wa sarufi. Alikopa neno la tatu, na maana ikapita.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Tunapozungumzia istilahi katika kitivo hiki, mara nyingi tunakaa mezani kutafuta nomino ya Kiswahili kwa kila kifaa. Kazi hiyo ina maana, lakini orodha ya nomino pekee isingeiwasha pikipiki ya mjomba. Anayerudi kwao likizo na akae karibu na fundi, aandike maswali yake kwa mpangilio wake, pamoja na vitenzi vyake. Lile la kwanza linalouliza "inazunguka ao haizunguke" lina ujuzi wa miaka mingi ndani yake, na kwa sasa linaishi mdomoni mwa mafundi tu.