Kanisa Hukua Mtaani



Tunapozungumzia kukua kwa parokia, fikira zetu huenda kwanza kwenye idadi: viti vilivyojaa siku ya Dominika, wabatizwa wa Pasaka, ukubwa wa kwaya. Hayo yote ni mema, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini afya ya parokia huonekana zaidi kule mtaani, kati ya Dominika na Dominika, ambako hakuna anayehesabu.

Wazee wetu katika imani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1961, maaskofu wa Congo walikutana Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, wakaamua kwamba uinjilishaji wa nchi yetu utegemee jumuiya hai za Wakristo. Kutokana na njia hiyo zilikua, polepole, zile jumuiya ndogo ambazo huku kwetu mashariki tunaziita shirika: nyumba chache zilizo jirani, zinazosali pamoja, zinazosikiliza Neno na kujuana kwa majina. Padri mmoja hawezi kujua nani amelala njaa katika mtaa wenye maelfu ya watu. Shirika laweza.

Katika kundi letu tumejiwekea desturi ya kutembelea nyumba wawili wawili, Jumamosi alasiri, tukiwa na swali moja tu: ni nani hajaonekana siku hizi? Majibu yametufundisha mengi. Kijana mmoja anayesukuma chukudu hakuacha imani. Dominika asubuhi ndipo anapopata mizigo ya soko, na akiikosa, wadogo zake hawali. Mama mmoja aliyekimbia vita alikuwa mwanashirika hodari kijijini kwake. Alipofika mjini hakujua aelekee wapi, wala hakuna aliyemuuliza jina lake. Mjane mmoja alijitenga kwa sababu michango ilimzidi nguvu, akaona haya kusimama mbele ya wenzake mikono mitupu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ugomvi na Mungu. Walihitaji mtu wa kuwapigia hodi.

Leo yule mama anaongoza Rozari katika shirika lake jipya. Kwa ajili ya mjane, wazee wa shirika wamekubali kwamba kila mtu atoe kadiri ya uwezo wake, tena kwa siri. Kijana wa chukudu bado hajarudi kusali nasi, ijapokuwa sala ya shirika imehamishiwa jioni. Tunaendelea kumsalimu, kwa kuwa urafiki wetu kwake si chambo. Vivyo hivyo, tukibisha kwenye nyumba ya Mprotestanti au ya Mwislamu na kumkuta mgonjwa, tunamchotea maji bila kumwita aje kwetu.

Katika jambo hili tunaye ndugu wa kutuongoza, aliyezaliwa Goma mwaka 1981: Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwahudumia watoto wa mitaani, wale ambao mji unawaita maibobo na kuwafukuza. Alipopata kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani, alikataa rushwa aliyopewa ili aruhusu chakula kilichooza kipite. Kwa sababu hiyo alitekwa na kuuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Tutafakari: chakula kile kingeliwa na watu wa dini zote. Floribert hakuwauliza wanasali wapi kabla ya kuwalinda. Ofisini mwake, mbele ya karatasi na mihuri, Kanisa liliufikia mji mzima kwa njia ya mlei mmoja kijana. Hakuhitaji kipaza sauti. Alihitaji kusema hapana, na gharama yake ilikuwa uhai.

Basi, parokia hukua kwa njia mbili zinazokamilishana: miguu inayokwenda kwa yule asiyeonekana, na mikono inayobaki safi kazini, shuleni na sokoni. Jirani akituona tunaimba vizuri Dominika, kisha Jumatatu tunamdanganya kwenye mizani, wimbo wetu utamfukuza. Akituona waaminifu, huenda siku moja akauliza tunapata wapi nguvu hiyo. Hapo ndipo tutakapokuwa na neno la kumwambia.

Tujiulize pamoja katika mkutano wetu ujao: Ni nani katika shirika letu ambaye hatujui jina lake? Ni kikwazo gani, cha saa, cha fedha au cha haya, tunachoweza kumwondolea mwezi huu? Na mahali pa kazi au masomo, ni "hapana" ipi ambayo Kristo anatuomba tuiseme?

Mwenye Heri Floribert, utuombee.