NESI NA MAMA, SEHEMU YA 7: Gitaa ukubwani

Sehemu sita zilizopita tumeongea kunyonyesha, chanjo, homa, meno na usingizi wa mtoto. Leo mtoto tunamweka pembeni kidogo, tunamwongelea mama. Na tunamwongelea kupitia gitaa.

Wengi mliona picha ya vidole vyangu wiki iliyopita mkaniuliza inboksi: "Nesi, umeungua na sufuria?" Hapana, jamani. Hizo ni sugu za gitaa. Nina miaka 37, watoto wawili, zamu za usiku, na huu ni mwezi wa nane tangu nianze kujifunza. Kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kubonyeza hata uzi mmoja.

KWA NINI GITAA?

Kliniki, mama akija baada ya kujifungua, huwa namuuliza: "Mama, unaendeleaje?" Jibu karibu kila mara ni: "Mtoto anaendelea vizuri, ananyonya." Narudia: "Nimekuuliza wewe." Hapo mtu ananyamaza. Mwingine anacheka. Mwingine machozi yanamtoka palepale, na mtoto wake hana hata mafua.

Siku moja mwenzangu wa zamu akanigeuzia swali hilohilo. Mdogo wangu alikuwa na miezi mitano. Nikamjibu watoto wazima, kazi inakwenda. Akaniambia, "Nimekuuliza wewe." Nikaanza kutafuta kitu kimoja tu nilichofanya wiki ile ambacho hakikuwa cha mgonjwa, cha mtoto, cha mume wala cha jikoni. Sikukipata.

Gitaa nilikuwa nalipenda tangu kwaya ya sekondari. Lakini si mnajua ilivyo: wavulana wanapiga, wasichana tunaimba na kucheza. Hakuna aliyetukataza, ila hakuna aliyetupa gitaa mkononi. Basi nikanunua la mtumba kwa shilingi 90,000. Mama mkwe alipokuja kutembea akaliona ukutani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, unataka kwenda bendi?" Nikamwambia, "Hapana mama, nataka kwenda sebuleni tu."

UMRI UMEPITA?

Wapo wanaosema haya mambo ni ya utotoni. Ngoja niwape habari ya mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Cotten. Alijifundisha gitaa akiwa binti mdogo. Alitumia mkono wa kushoto, hivyo gitaa la kawaida alilishika kinyume, na akapata upigaji wake mwenyewe. Akaolewa, akapata mtoto, akaliweka gitaa chini kwa miaka mingi sana. Alikuja kulishika tena akiwa mtu mzima, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, akiwa na miaka zaidi ya 60. Mwaka 1985 akapewa tuzo ya Grammy akiwa na zaidi ya miaka 90.

Sisemi na wewe utapata tuzo. Nasema vidole havina tarehe ya kuisha muda kama chupa ya dawa.

VIDOLE VINAUMA, NA HIYO NI KAWAIDA

Wiki mbili tatu za mwanzo ncha za vidole vya mkono unaobonyeza zitauma. Ngozi inasuguliwa, inajibu kwa kuongeza unene, ndo sugu hiyo. Sisi manesi inachukua muda zaidi maana tunanawa mikono kutwa na ngozi inalainika. Nanyi wa nepi na vyombo ni hivyohivyo. Usipige mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo, acha mikono ikauke kwanza. Kukitokea lengelenge usilitumbue, pumzika siku mbili.

Mambo matatu yalinipunguzia maumivu:

1. Nyuzi za nailoni. Ni laini kuliko za chuma. Ukienda kununua, waambie unataka gitaa la nyuzi za nailoni.

2. Mahali pa kubonyeza. Shingo ya gitaa ina vichuma vimelala. Weka kidole karibu kabisa na kichuma, nyuma yake, upande wa kichwa cha gitaa. Hapo nguvu ndogo inatosha. Ukibonyeza mbali nacho, uzi unavuma kama nyuki, nawe unazidi kukandamiza bure.

3. Kucha fupi. Hili wauguzi tunalo tayari, kazini hatufugi kucha.

Sasa sikilizeni nesi. Maumivu ya ncha za vidole ni sawa. Maumivu ya kifundo cha mkono SIYO sawa. Mama wenye watoto wachanga wengi huumwa upande wa kidole gumba kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani mara nyingi kwa siku. Kama unayo hayo maumivu, gitaa lisubiri kwanza. Mnyanyue mtoto kwa kumchota na viganja chini ya makalio na mgongo, na yasipopungua nenda ukaonwe. Wajawazito nao wengine vidole vinakufa ganzi usiku, kwa sababu maji yanayojaa mwilini yanabana mshipa wa fahamu kwenye kifundo. Kwa wengi hupungua baada ya kujifungua, lakini mwambie nesi wako kliniki, usikae nayo tu.

Na aliyejifungua kwa upasuaji: tumbo la gitaa linakaa karibu sana na kidonda. Subiri kipone vizuri, kisha kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo wima. Usiliinamie gitaa kama unatafuta sindano iliyoanguka.

DAKIKA KUMI ZINATOKA WAPI?

Hili ndo mnaloniuliza sana. Saa nzima sina, na sijawahi kuwa nayo. Ninazo dakika kumi, mdogo akishashiba na kulala, kabla sijaingia jikoni. Dakika kumi kila siku zinafundisha vidole kuliko saa nzima ya Jumapili, maana mkono unajifunza kwa kurudiarudia, na ubongo unapanga yale uliyorudia wakati umelala. Kwa hiyo ukifika mahali pa kuchagua kati ya gitaa na usingizi, lala. Gitaa halilii usiku.

Gitaa langu nimelitundika ukutani. Likiwa ndani ya begi juu ya kabati, zile dakika kumi zinaishia kwenye kutafuta kiti cha kupandia.

Nilianza na kodi (siyo ile ya nyumba) moja tu, E ndogo. Inataka vidole viwili: uzi wa tano na wa nne, nafasi ya pili. Nyuzi zote sita zinalia na hakuna wa kuruka. Kisha nikaongeza G, C na D. Hizo zikikaa vizuri, nyimbo nyingi za Jumapili na za kumbembeleza mtoto unazipiga.

Kazi ngumu ni kuhama. Vidole vinajua G, vinajua C, lakini njia ya kutoka huku kwenda kule hawaijui. Nikaanza kuhesabu kama tunavyohesabu pumzi za mtoto: dakika nzima, saa mkononi. Wiki ya kwanza nilihama mara 6 kwa dakika. Sasa nafika 30. Kodi ya F bado ni mlima.

Mkubwa wangu ana miaka minne, ndo mwalimu mkali wa nyumba. Nikikosea anasema, "Mama, siyo hivyo. Rudia." Narudia. Yeye anaona mtu mzima anashindwa jambo, halii, hakasiriki, anaanza tena. Juzi kamba ya kiatu ilimshinda, nikamsikia anajiambia mwenyewe: "Rudia." Sikumfundisha hilo kwa maneno.

GITAA SIYO DAWA

Hapa naomba msome polepole. Siku chache baada ya kujifungua, kulia bila sababu na kuchanganyikiwa kidogo huwapata wengi, na kwa kawaida kunapita ndani ya wiki mbili. Lakini ikizidi wiki mbili uko chini tu, hufurahii chochote, huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala, au unaona heri usingekuwepo, usiende kununua gitaa. Njoo kituo cha afya, sema hivyohivyo. Na ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe na mje siku hiyohiyo, saa yoyote. Ni ugonjwa, unatibika, na haukufanyi kuwa mama mbaya.

Ninachokiongelea mimi ni kile kingine, cha mama mzima wa afya ambaye jina lake limebaki "Mama Fulani" mpaka yeye mwenyewe amesahau alikuwa anapenda nini. Huyo dakika kumi zinamfaa. Na baba unayesoma, kazi yako ni ndogo: mchukue mtoto hizo dakika kumi, utoke naye nje kabisa. Siyo umshike halafu uulize nepi ziko wapi.

Si lazima liwe gitaa. Inaweza kuwa kushona, kufuma, bustani ya mchicha, kusoma kitabu. Ila kiwe kitu ambacho hujui bado, na hakuna anayekisubiri mezani.

Sehemu ya 8 tunarudi kwa watoto: kikohozi cha usiku. Kwa leo niandikieni hapo chini. Sitaki kujua mtoto anaendeleaje. Wewe unaendeleaje?