Kosa la Mwalimu

Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana na hati yangu ya ualimu ingali mpya, nalipenda sana hesabu, nami nalijiona kuwa najua mengi. Siku moja naliandika ubaoni namba 2. Nikaizidisha kwa yenyewe, nikapata 4. Nayo 4 nikaizidisha kwa yenyewe, nikapata 16. Kisha 256, kisha 65,536. Halafu nikaongeza 1 juu ya kila namba, zikawa 3, 5, 17, 257 na 65,537.

Nikasema, "Hizi zote ni namba tasa, maana hazigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nimezijaribu mwenyewe."

Kisha nikazidisha 65,536 kwa yenyewe, nikaongeza 1, nikapata 4,294,967,297. "Na hii pia ni tasa," nikasema. Kweli sikuijaribu. Nalitumaini tu ya kuwa ya sita itafuata nyayo za tano zilizotangulia.

Baada ya siku chache mwanafunzi mmoja mpole, asiyezoea kusema darasani, akasimama na daftari mkononi. "Mwalimu, namba ile inagawanyika."

Nikaona haya mbele ya wenzake, na haya ikageuka hasira. Nikamwambia amepoteza karatasi bure, nikalichukua daftari, nikamwamuru asimame pembeni mpaka kengele. Akasimama bila kunung'unika.

Jioni nikalifungua daftari lile. Alikuwa amegawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, kurasa kwa kurasa, na kila mara palibaki kitu, mpaka alipofika 641. Hapo hapakubaki kitu. Nikazidisha mwenyewe 6,700,417 kwa 641, ikatoka namba ile ile. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikamwita mbele ya darasa, nikasema, "Jana nalimwadhibu mtu aliyesema kweli. Mwanangu, nisamehe."

Akainamisha kichwa, akajibu, "Yamekwisha, Mwalimu."

Baadaye nalisoma kitabuni ya kuwa Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyekuwa hodari wa hesabu, alikosea vivyo hivyo. Mwaka 1640 aliandika kuwa anaamini namba zote za safu hii ni tasa, ingawa hakuweza kuhakikisha. Mwaka 1732 Euler, mtu wa Uswisi, akaonyesha ya kuwa hii ya sita hugawanyika kwa 641. Na mpaka leo hakuna aliyeona namba tasa nyingine katika safu hiyo baada ya 65,537.

Basi, wanafunzi, mambo matano kuwa kweli si dhamana ya la sita. Tena kukosa si aibu kubwa. Aibu ni kumnyamazisha aliyeliona kosa. Wala msiniamini mimi kwa kuwa ni mwalimu. Chukueni kalamu, mgawanye wenyewe.