Nguva wa Moa: mama anayepima akiba kabla ya kuzaa

Moa ni kijiji cha wavuvi wilayani Mkinga, kaskazini mwa jiji la Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Maji ya bamvua yakitoka, mizizi ya mikoko hubaki wazi, na mbele yake huonekana viwanja vya nyasi za baharini. Nyasi hizo ndizo chakula cha nguva, na Moa ni moja ya sehemu chache za pwani ya Tanzania ambako wavuvi wamewahi kumwona.

Nguva si samaki. Hupumua kwa mapafu na hunyonyesha; matiti yake yako kwapani, nyuma ya mapezi. Mimba yake huchukua miezi 13 hadi 15. Huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha hadi mwaka mmoja na nusu, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 ndipo azae tena.

Kama kwa binadamu, mimba hiyo hulindwa na homoni ya projesteroni, ambayo huutuliza mji wa mimba. Katika ghuba ya Moreton, Australia, watafiti wameweza kumtambua nguva mjamzito kwa kupima homoni hiyo kwenye kinyesi chake.

Lakini homoni hazifanyi kazi peke yake; chakula nacho kina kauli. Nyasi zikiharibika, nguva huahirisha kuzaa. Dubu wa nchi za baridi naye ni hivyo hivyo. Hupandwa kiangazi, lakini kijusi hakijishikizi hadi karibu na wakati wa kulala pangoni. Asipokuwa na mafuta ya kutosha mwilini, mimba haiendelei.

Kwa hiyo kokoro linalong'oa nyasi humnyima nguva uzazi hata kama halikumgusa. Jarife nalo humzamisha, maana kila baada ya dakika chache lazima aibuke kuvuta pumzi. Akifa mama mmoja, pengo lake halizibiki upesi: binti yake huenda akafikisha miaka 10 au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza.

Sheria ya Tanzania inakataza kumvua nguva. Mvuvi akimkuta hai wavuni, amwinue kichwa apumue, akate wavu na kumwachia. Wavu hushonwa kwa siku moja. Nguva hulelewa kwa miaka.